Kitufe cha Mbele

Bi Maimu ameileta imefungwa ndani ya foronya,
kompyuta mpakato ya marehemu mumewe,
theluji ya Tartu bado imenasa kwenye pindo.
"Isafishe," anasema. "Iwe kama ilivyotoka dukani.
Siielewi. Kila kitu kimekaa upogo."

Naiwasha. Nafungua kivinjari,
na mimi, fundi wa miaka kumi na tisa,
nasimama kizingitini kama mgeni
asiyejua avulie wapi viatu.

Vichupo havikupangwa juu. Vimeteremka ubavuni, kushoto,
mfano wa mashati kwenye kamba ya ua mwembamba.
Upau wa anwani uko chini kabisa,
pale ambapo wengine wangeweka miguu.
Herufi nene kama vidole gumba.
Na ule weupe wa kawaida haupo:
mandhari yote ni rangi ya mkate mweusi
uliokatwa jana.

"Kiharusi," anasema, sijamwuliza,
huku akivua glavu kidole kimoja kimoja.
"Kilimchukua mkono wa kulia, mwezi wa Machi.
Endel akajifunza kushoto, kwa matusi.
Nyeupe aliichukia. Alisema, theluji ya nje yatosha,
sitalipia umeme niletewe nyingine mezani."

Basi naisoma nyumba ya mtu.
Kitufe cha kufunga kimehamishiwa mbali, pembeni,
ili mkono unaotetemeka usifunge kisichokwisha.
Cha kurudi nyuma ni kikubwa kama kifungo cha koti.
Cha kwenda mbele, hakuna.
Nakisaka kwenye mipangilio, nakikuta
kimetupwa kwenye droo ya visivyotumika
pamoja na cha kuchapisha.

"Alikitoa wiki ile ya mwisho.
Nikamwuliza, kwa nini?
Akasema, huko mbele nitafika tu,
hata nisipobofya."
Anacheka. Kisha hacheki.

Nimeshafika mahali panapouliza:
Rejesha chaguo-msingi? Ndiyo. Hapana.
Kishale kinaning'inia juu ya Ndiyo.
Sekunde moja tu na kuta zote zitapakwa chokaa,
miaka mitatu ya kukisogeza kitu unywele mmoja,
kukitazama, kukirudisha, kukisogeza tena.
Waliosema nyumba njema si mlango
hawakumwona mtu akiuvuta mlango
mpaka umfikie mkononi.

"Subiri," nasema. "Kuna alamisho."
Nne. Moja "Samaki." Moja "Barafu ya mto."
Moja "Dawa," haikuguswa tangu vuli.
Ya nne imeandikwa "Maimu."

Namgeuzia skrini. Abofye mwenyewe.
Inafunguka ratiba ya basi namba saba,
kituo cha hospitali,
na basi moja limetiwa alama ya manjano:
saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, alfajiri.

Haongei. Midomo inahesabu.
"Zamu ya usiku," anasema mwishowe.
"Nilikuwa nikigusa tu kitasa, birika linachemka.
Kila siku. Nikadhani ana masikio ya mbwa."

Gari la kukwangua theluji linapita nje
likikwaruza, likikwaruza, hata kona.
Anavaa glavu. Anazivua.
"Acha. Acha yote yalivyo.
Hata rangi hiyo. Nitaizoea."
Anasogeza uso kwenye kioo, karibu mno,
pumzi inatia ukungu juu ya vichupo.
"Ila hicho cha mbele. Kirudishe.
Kiweke kulia. Mimi natumia kulia."

Kwenye risiti nimeandika:
Kusafisha, hakuna.
Kuongeza, kitufe kimoja, kidogo.
Muda, dakika nne.
Pa malipo pamebaki wazi;
nilikuwa natafuta foronya ilipoangukia.